Bwawani Hakuna wa Kumsingizia

Mvuvi wa bahari akirudi mikono mitupu hakosi la kusema. Kusi imevuma. Maji ni mafu. Mwezi umezidi kung'aa, samaki wamekwenda vilindini. Na mara nyingi husema kweli, kwa kuwa bahari ni pana na hakuna ajuaye kwa hakika kilichopo chini ya ngalawa yake. Mvuvi wa bwawani hana hata neno moja kati ya hayo. Ameketi ukingoni mwa shimo lililochimbwa na watu, likajazwa maji na watu, likapandwa samaki waliohesabiwa. Samaki wamo. Mwenye bwawa anajua, mvuvi anajua, na mtoto anayepita njia anawaona wakivunja uso wa maji. Mtu akikosa hapo, kilichopungua ni ufundi.

Ndiyo maana nataka kuusifu uvuvi wa mshipi mahali ambapo wenyeji wa pwani hawaoni cha kusifia. Sizungumzii mkondo wa Mafia wala wa Pemba, wanakowindwa jodari na nguru. Huko wasifiaji wapo tele. Nazungumzia mabwawa ya perege na kambale yaliyochimbwa Kigamboni, Mkuranga, Kibaha na kwingineko pembezoni mwa Dar es Salaam. Mengi ni ya kufugia tu, lakini wapo wenye mabwawa wanaomruhusu mgeni avue mwenyewe, kisha samaki wapimwe na alipe kwa kilo. Watu wa soko la samaki la Feri huyacheka. Kwao bwawa ni shamba, na anayevua shambani anavuna tu.

Dharau hiyo inachanganya zana mbili. Anayetaka kuvuna bwawa huvuta juya kutoka ukingo hadi ukingo, au hufungua maji yakatoka, akaokota. Wavu humtwaa samaki apende asipende. Mshipi hauna mabavu hayo. Una uzi mwembamba, kichuma kilichopinda na kitonge cha chambo, na unangoja samaki mwenyewe afumbue kinywa. Mpaka afumbue, mvuvi hana kitu. Yote anayoyajua mvuvi wa mshipi, tangu kuchagua uzi hadi kuchagua saa, yanalenga hiari ya samaki mmoja. Baharini elimu hiyo hujificha nyuma ya bahati, ila bwawani iko uchi.

Kwa mkazi wa katikati ya jiji, elimu hiyo huanzia Kariakoo. Katika mitaa inayolizunguka Soko Kuu, lile jengo la zege lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, mtu huuziwa mbegu za mchicha, chandarua, beseni na ndoana ndani ya hatua chache. Unaingia dukani na salamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nikupe nini?"

"Ndoana."

"Za samaki gani?"

Swali hilo ndilo mtihani wa kwanza. Anayejibu "zozote tu" hupewa zozote, na fedha yake hupokelewa bila ubishi. Anayejibu "za perege, wa bwawani" humwona mzee akiyaacha maboksi ya mbele, akainama chini ya kaunta na kutoa kipakiti cha ndoana ndogo kiasi cha kukufanya utafute mwanga. Mnunuzi mgeni hukanganywa na namba zake. Ndoana namba 12 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 8 ni ndogo kuliko namba 4. Namba ikipanda, chuma kinapungua. Hapo ndipo wanaume wengi hushindwa kabla hawajafika majini, kwa sababu mkono hupenda ndoana kubwa. Ndoana kubwa humridhisha mvuvi. Perege ana kinywa kidogo chenye midomo minene, na kitu kigumu akikigusa hukitema mara moja.

Na mshipi ni vivyo hivyo. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935 katika maabara za DuPont, na tangu ilipowafikia wavuvi, uzi wa pamba uliokuwa ukioza na kuonekana majini ulianza kuachwa. Lakini nailoni nayo ina unene wake. Nene haikatiki, na samaki anaiona. Nyembamba haionekani, na samaki mzito anaikata. Hakuna uzi unaokupa yote mawili. Anayejua mkono wake hununua mwembamba, kwa kuwa anaamini ataweza kumtuliza samaki bila kutegemea nguvu za plastiki.

Vilivyobaki haviuzwi, au havifai kununuliwa. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha chambo, hutoka kwenye gereji za eneo la Gerezani: vile vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu, vikakatwa na kugongwa mpaka vikawa punje. Plagi kuukuu ya gari, ambayo wavuvi wa baharini huifunga ili kamba izame haraka, kwa bwawa ni mzigo. Chelezo huchongwa kutokana na soli ya kandambili, au hutengenezwa kwa unyoya wa bata au kijiti cha tete. Kazi yake ni nyeti kuliko inavyoonekana. Chubwi ikiwa nyepesi, chelezo hulala ubavu na hakisemi kitu. Ikiwa nzito, kinazama. Fundi huongeza punje na kupunguza punje ndani ya ndoo ya maji nyumbani kwake, mpaka ibaki ncha tu juu ya maji, ncha ambayo pumzi ya samaki inaweza kuitikisa. Wahenga waliposema vyaelea vimeundwa walikuwa wanatazama majahazi, lakini maneno yao yanakienea na kipande cha kandambili.

Shamba lenye mabwawa kadhaa halina mawili yaliyo sawa. La kwanza, kwa kawaida lililo karibu na kibanda cha mlinzi, ni la vifaranga, na hapo mgeni haruhusiwi hata kuloweka kidole. La pili ni la perege wakubwa. La tatu ni la kambale. La nne, kama lipo, limechanganywa, na mchanganyiko huo una hesabu yake. Perege huzaa upesi mno, jike akiyatunza mayai na watoto ndani ya kinywa chake. Bwawa likishafurika watoto, wote hugombea chakula na kudumaa. Kambale wachache huwekwa humo ili wawapunguze. Basi mgeni mwerevu hatupi mshipi kwanza. Huzunguka ukingoni akiyasoma maji: rangi yake, upande unaopigwa na upepo, na yale mashimo ya duara kwenye sakafu karibu na ukingo, ambayo perege dume huyachimba na kuyalinda kwa wivu.

Ufugaji huu haukuanza juzi. Majaribio ya kufuga perege nchini yalianza mwaka 1949, Korogwe na Malya. Muongo mmoja baadaye, huko Malacca katika Malaysia ya leo, mtaalamu Mwingereza C. F. Hickling aliwapandanisha perege madume wa mbegu iliyotoka Zanzibar, ambao asili yao ni Mto Wami, na majike wa perege wa Msumbiji, na watoto wakatoka madume watupu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1960, na wafugaji wa nchi nyingi wakazinduka, kwa kuwa dume hukua haraka kuliko jike na bwawa la madume halifuriki watoto. Siku hizi wazalishaji wengi wa vifaranga hupata madume kwa kuwalisha homoni wakiwa wachanga. Kwa njia yoyote ile, mvuvi hukuta jambo lile lile: samaki wa rika moja, ukubwa unaokaribiana, waliolishwa kwa saa ile ile kila siku mpaka wameijua sauti ya ndoo.

Na hapa ndipo ujuzi wa baharini unapomwangusha mwenye nao. Mvuvi wa pwani amelelewa akiamini alfajiri. Anafika bwawani gizani, anatupa, anangoja, na perege hawagusi kitu. Bwawa lenye maji ya kijani limejaa mimea midogo isiyoonekana. Mchana mimea hiyo hutoa hewa safi ndani ya maji. Usiku nayo huivuta kama viumbe wengine, na karibu na mapambazuko hewa ndani ya maji huwa imepungua kabisa. Perege wakati huo hupanda juu kutafuta pumzi. Chakula hakimo akilini mwao. Jua likishapanda, mnamo saa tatu au saa nne, maji hupata nafuu na samaki huanza kutembea. Lakini wakishamwagiwa chakula chao cha saa tano, basi, wameshiba. Katikati ya nafuu na ndoo kuna saa moja au mbili tu za mvuvi. Saa hizo anazijua aliyemuuliza mlinzi kwa adabu, na mlinzi huwaambia waliomsalimia.

Nimewahi kumtazama fundi cherehani mmoja wa Kariakoo akizitumia saa hizo. Siku za kazi huketi barazani akipunguza suruali za watu. Jumapili huvuka na pantoni kwenda Kigamboni, ufito wa mwanzi begani. Chambo chake ni ugali uliokandwa na unga wa dagaa mpaka ukawa mgumu wa kutosha kushika ndoana na laini wa kutosha kuyeyuka kinywani. Kabla ya kutupa, alirusha pumba zilizolowekwa, kiasi cha vidole vitatu, mahali pamoja. Aliyekuwa jirani yake alimwaga nusu mfuko. Samaki wa jirani walikula pumba, wakaridhika, wakaenda zao. Wa fundi walikuja, wakakuta harufu na chakula haba, wakaendelea kutafuta.

Chelezo kikatikisika. Kijana aliyekuwa karibu akamwambia, "Vuta, fundi!"

"Bado anaonja," akasema bila kugeuka.

Kikatikisika tena, kikatulia, kisha kikaanza kwenda upande, polepole, bila kuzama. Hapo ndipo alipoinua kifundo cha mkono, kifundo tu, na ufito ukapinda. Perege hamezi kwa pupa. Hunyonya, hutema, hunyonya tena. Anayengoja chelezo kizame kabisa humkosa, na anayevuta kwenye mtikisiko wa kwanza humtia hofu. Kati ya hayo kuna nafasi fupi kuliko kupepesa jicho, na haifundishiki kwa maneno. Nadhani vidole vilivyozoea kuupima mkazo wa uzi wa cherehani viliitambua kabla ya macho yake.

Bwawa la kambale linataka mtu mwingine, au mtu yule yule aliyebadili mwenendo. Kambale ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, hivyo maji yaliyochoka hayamsumbui. Hana magamba. Ana sharubu zinazoonja na kupapasa tope, na gizani huwinda vizuri kuliko mchana. Kwake harufu ndiyo njia. Minyoo na utumbo wa kuku humvuta, na wapo wavuvi wa Ziwa Victoria wanaomtegea vipande vya sabuni. Hapo ndoana ni kubwa, uzi ni mnene, na chambo hulazwa chini kabisa. Kambale hula bila aibu na hupigana bila kuchoka. Ufundi wake uko katika kumchosha: kumlegezea anapotaka kwenda, kumrudisha anapopumua, na kutomwachia hata mara moja ajiviringe kwenye magugu. Mwenye haraka hubaki na ufito ulionyooka na uzi uliokatika.

Watu husema uvuvi wa mshipi ni subira. Husema hivyo kwa heshima, lakini wanaupunja. Subira peke yake ni kukaa. Gogo lina subira kushinda mvuvi yeyote na halijapata samaki. Ukimtazama fundi kwa makini utaona hatulii: anapandisha chelezo kiganja kimoja kwa kuwa jua limepanda na samaki wametoka chini, anabadili ndoana, anasogea hatua mbili kukwepa kivuli chake kisianguke majini, anaacha kutupia pumba. Kila dakika anajiuliza swali na kulijibu kwa mkono. Asiyejua huona mtu amekaa.

Uingereza wameujengea ufundi huu ulimwengu mzima. Zipo sehemu zenye maziwa madogo kadhaa yaliyopandwa samaki, mtu analipa tiketi ya siku, anachagua ziwa, anavua, kisha samaki wote hurudishwa majini wakiwa hai. Katika Bluebell Lakes, karibu na mji wa Peterborough, aliishi samaki wa jamii ya kapu (carp) aliyeitwa Benson. Alifikia karibu kilo 29, na inasemekana alinaswa na kuachiwa zaidi ya mara 60. Alipokufa mwaka 2009 magazeti yaliandika habari zake kama za mtu mashuhuri. Mtu wa Kariakoo akisimuliwa kisa hicho atauliza swali moja: kilo 29, na hakuna aliyemkaanga? Swali lina haki yake. Samaki wetu ni kitoweo, na sioni aibu yoyote kumla samaki uliyemvua kwa akili. Lakini kuna jambo la kujifunza kwao. Hulowesha mkono kabla ya kumgusa samaki, ili wasimvue ule ute unaomkinga na maradhi. Hutumia ndoana isiyo na kembe, itoke bila kuchana kinywa. Mvuvi wetu anayemrudisha perege mdogo bwawani angefanya hivyo hivyo, yule mdogo angeishi mpaka aje kuwa wa kilo.

Huko huko Uingereza, kitabu kinachojulikana kuliko vyote kuhusu mshipi kilichapishwa mwaka 1653. Mwandishi wake, Izaak Walton, hakuwa mvuvi wa kazi wala bwana mwenye mashamba. Alikuwa mfanyabiashara mwenye duka katikati ya London. Jambo hilo halinishangazi. Ufundi huu watu wa soko huuelewa upesi, na anayetaka ushahidi apite Mtaa wa Kongo, Kariakoo, siku ya Jumamosi. Wanunuzi wamo maelfu, wanapita mbele ya meza zote, wana fedha mifukoni. Hakuna muuzaji awezaye kusema hawapo. Mmoja anapaza sauti kutwa na kuwatisha. Mwingine anapanga bidhaa yake, anasubiri jicho la mteja litue, anamwacha aguse kitambaa, hamsemeshi mapema, na jioni anafunga meza tupu. Soko ni bwawa lililopandwa samaki, na muuzaji hodari ni mvuvi wa mshipi aliye nchi kavu.

Sifa hizi zingekuwa za starehe tu kama njia ya kumpata samaki isingekuwa na uzito katika jiji hili. Ina uzito mkubwa. Kwa miaka mingi maji ya Dar es Salaam yalitikiswa na baruti. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaikataza, na operesheni za vyombo vya dola za muongo uliopita ziliipunguza sana. Baruti huua mzazi na mtoto, huvunja matumbawe ambayo huchukua miaka mingi kuota tena, na humwacha samaki akiwa na uti uliovunjika na damu iliyovilia ndani. Wanunuzi wa Feri walijifunza kumtambua. Ndiyo sababu muuzaji anapotamka "samaki wa mshipi" anataja ubora: huyu alitolewa majini peke yake, akiwa mzima, na mtu aliyemtaka yeye. Baruti haitaki kumjua samaki. Hata nyavu za macho madogo hazitaki. Mshipi pekee humlazimisha mvuvi amjue anayemtaka: anakula nini, saa ngapi, kwa hofu gani. Na mtu aliyemjua kiumbe kwa kiasi hicho huona vigumu kumwangamiza na ukoo wake.

Basi nina ombi kwa wenye mabwawa. Kama mna mabwawa manne, moja liacheni kwa ajili ya ndoana. Juya lisipite humo. Andikeni kibaoni saa ya kulisha, ndoana zinazoruhusiwa na ukubwa wa samaki wa kurudishwa. Wekeni bei ya kilo isiyomfukuza fundi cherehani, mama lishe wala mwanafunzi. Mtapata wageni ambao leo hawana pa kwenda Jumapili ila kwenye kelele, na jiji litapata wavuvi waliofundwa mahali pasipo na kisingizio.

Nawe msomaji, ukipata nafasi, nenda. Pitia Kariakoo siku moja kabla, umwambie mzee wa dukani jina la samaki unayemtaka, na ukubali ndoana ndogo atakayokupa. Ukifika, msalimie mlinzi na umuulize saa ya ndoo. Usimwage pumba. Mchukue na mtoto mmoja, umwachie ufito mapema, na samaki akianza kuonja, usimpigie kelele avute.